Mwanamke Aliyewarudisha Mawakili Darasani

Nilipofungua ofisi Garissa, mwanzoni mwa miaka ya tisini, fundi aliyekuwa akipigilia kibao changu ukutani aliniambia kuwa mimi ndiye mwanamke wa kwanza kuja kufanya uwakili katika mji ule. Nilifurahi hata nikamwagizia soda. Alipokuwa akiinywa akaongeza, "Wa kwanza kutoka nje, yaani. Wa hapa yupo. Yule pale ng'ambo."

Nikatazama ng'ambo ya barabara. Mwanamke mrefu, mpana wa mabega, alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi yake, mtandio umemteleza, miwani inaning'inia kifuani kwa uzi wa kiatu. Alikuwa akimgombeza mbuzi aliyeingia kula makaratasi yake, na wapita njia walikuwa wamesimama kumsikiliza kana kwamba mbuzi naye ana kesi. Hakuna hata mmoja aliyegeuka kuangalia kibao changu. Wivu wangu ulianza siku ile.

Mji ulimwita Edo, yaani shangazi kwa Kisomali. Sisi mawakili tulimwita Mwalimu, na hilo ndilo nitakalotumia hapa, kwa sababu ndilo lililoniuma zaidi.

Wakati ule hakuna kitu kilichomlazimisha wakili kurudi darasani. Ukishaapishwa, umeapishwa. Unashona joho, unatundika cheti ukutani, na ulichokijua siku hiyo ndicho utakachokula hadi uzeeni. Nairobi kulikuwa na semina za hiari, na waliohudhuria wengi ni wa Nairobi wenyewe. Sheria ikibadilika huko, sisi wa Garissa tuliijua kama tulivyojua mvua ya Mlima Kenya: kwa kuona Mto Tana umejaa. Sheria za hali ya hatari, zilizoukalia mkoa ule tangu wengi wetu hatujazaliwa, zilikuwa zimeondolewa karibuni tu. Bado walikuwapo askari waliokamata watu kwa sheria hizo, na mawakili waliowatetea watu kwa hizohizo.

Mwalimu aliona aibu kwa niaba yetu sote. Akaanza kwenda semina. Akirudi, Jumamosi inayofuata alitukusanya katika ukumbi mdogo wa hoteli karibu na soko, chini ya feni iliyokuwa ikizunguka kwa kusitasita, akatufundisha alichofundishwa. Hakutuomba. Alimtuma karani wake ofisi kwa ofisi na maneno matatu tu: "Edo anasema mje." Tulikwenda. Walikwenda hata wazee wenye mvi ambao hakimu mwenyewe aliwaogopa, wakakaa kwenye viti vya plastiki na kunywa chai ya maziwa ya ngamia huku wakifundishwa na mwanamke waliyeweza kumzaa.

Nami nilikwenda. Nilijiambia naenda kuona tu.

Lazima niseme habari ya Kiswahili chake, maana hapo ndipo nilipotegemea kumshinda. Mimi ni mtu wa Lamu. Nimelelewa na bibi aliyenirudisha nje ya mlango niingie upya kila nilipokosea salamu. Mwalimu alikivaa Kiswahili kama kiatu cha kuazima: kilimbana huku, kikampwaya kule, lakini alifika alikokwenda. P kwake ilikuwa b, v ilikuwa f, na ngeli alizitazama kama mbuzi wa jirani, hazimhusu.

Siku moja tulikuwa mbele ya hakimu mmoja wa kutoka bara, kila mmoja na mteja wake katika kesi moja ya wizi wa ng'ombe. Nilisimama nikasema kwa Kiswahili ambacho bibi angekitilia uvumba. Nilipomaliza, hakimu akamwinamia karani wake na kumuuliza "aghalabu" maana yake nini. Kisha akasimama Mwalimu.

"Mheshimiwa," akasema, "huyu mtu hakuiba. Huyu mtu alichelewa kuuliza ng'ombe ni ya nani. Hiyo ni fitu mbili tofauti."

Hakimu akaitikia kwa kichwa na kuandika. Alimwachilia mteja wa Mwalimu siku ileile. Wangu alirudishwa rumande kungoja tarehe nyingine.

Safari zake za Nairobi zilikuwa mashaka matupu. Mabasi yalikwenda kwa msafara, askari mbele na nyuma, na hata hivyo majambazi walivizia. Safari moja basi lake lilisimamishwa porini, abiria wakaamriwa walale kifudifudi mchangani. Mwalimu alikuwa na bahasha ya makaratasi ya semina, na upepo ulikuwa mkali. Akailalia. Jambazi mmoja akamwambia ainuke waone anaficha nini. Akainuka, akamwonyesha karatasi moja moja, akamweleza kwa Kisomali kwamba hizo ni hukumu mpya za Mahakama ya Rufaa kuhusu dhamana. Yule mtu akamwambia alale tena.

Jumamosi alikuwa ukumbini kama kawaida, vumbi bado liko kwenye nyusi. Tulipompa pole alitupungia mkono. "Saa wamechukua, bete wamechukua," akasema. "Sheria hawakutaka. Haya, fungua ukurasa wa kwanza."

Kila mtu alicheka. Mimi nilicheka mwisho, nikiwaza kwamba ningekuwa mimi porini ningezitupa karatasi zile na kushika bangili zangu. Ningerudi na bangili, na hakuna mtu angeisimulia habari yangu.

Hakuwa mpole. Wakili kijana aliyeitwa Abdi, aliyepanga chumba kando ya ofisi yangu, alikuja siku moja bila kusoma hukumu tuliyopewa. Mwalimu alimsimamisha aisome yote kwa sauti, mwanzo hadi mwisho, huku sisi tukila sambusa. Abdi alitokwa jasho hadi kola ikabadilika rangi. Lakini mteja wa kwanza wa Abdi alipofungwa, na kijana akajifungia chumbani asitake kuonana na watu, Mwalimu ndiye aliyekwenda kumgongea. Niliwasikia kupitia ukuta. Hakumbembeleza. Alimuuliza, "Umekosea wabi?" na wakakaa wakitafuta hadi walipopata. Tangu hapo Abdi angeweza kuruka mtoni kwa ajili yake. Chumba chake kilikuwa hatua chache kutoka kwangu, na mimi ndiye niliyempa kiti na meza. Kwangu alisema asante, na kwa Mwalimu aliacha moyo wake.

Mwalimu alitufundisha kwamba wakili asiyejua kusema "sijui" ataua mtu. Yeye mwenyewe sikupata kumsikia akilisema neno hilo. Akiulizwa asilolijua alikunja uso, akatazama dirishani walikotua korongo juu ya migunga, akasema, "Hiyo ni ya Jumamosi ingine." Alituhimiza tujifunze mpaka tuingie kaburini, lakini mpwa wake alipomletea kompyuta aliifunika shuka na kuweka birika juu yake. Alisema kuchelewa mahakamani ni dharau kwa mteja, kisha akafika amechelewa, anahema, joho limevaliwa nje ndani. Mambo kama hayo yangemwangusha mtu mwingine. Kwake yalikuwa kama chumvi kwenye nyama, na niliwahi kulalamika kwa mume wangu kwamba mimi nikichelewa naitwa mvivu.

"Basi usichelewe," mume wangu akasema, akaendelea kula.

Siku moja Mwalimu alinijia ofisini, akakaa bila kukaribishwa. "Wewe Mswahili," akasema, "Jumamosi hii fundisha wewe. Kuandika hati ya madai. Wewe unaandika fizuri kuliko mimi. Kuliko hawa wote."

Naweza kukiri kwamba sikulala vizuri wiki ile kwa furaha. Nilitayarisha somo kama anayetayarisha harusi. Nilipanga mifano, nikaandika kwa mkono mzuri kwenye karatasi kubwa, nikavaa gauni jipya. Nilianza vizuri. Kisha joto la saa tano likaingia ukumbini. Nikamwona mzee mmoja amefumba macho. Nikamwona Abdi kichwa kinamwanguka, anakiinua, kinaanguka. Niliongeza sauti. Feni nayo ikaongeza yake.

Hapo Mwalimu akainua mkono. "Ngoja kidogo. Mteja wangu ni mchungaji. Ngamia yake imegongwa na lori kule Modogashe, na hajui jina ya dereva, hajui jina ya mwenye lori. Hiyo hati nashtaki nani?"

Ukumbi ukaamka kama uliomwagiwa maji. Kumbe kila mtu alikuwa na ngamia wake aliyegongwa. Huyu akasema hivi, yule akapinga, mzee aliyekuwa amefumba macho akasimama na kupiga meza. Mwalimu akawa anawagawia zamu za kusema, akiwauliza swali juu ya swali, hadi muda ukaisha. Mwishoni akasema, "Maashallah, darasa nzuri leo," na watu wakapanga mstari kumshika mkono. Mimi nilikuwa nakunja karatasi zangu kubwa. Wawili watatu walipita na kwangu. Lilikuwa darasa langu.

Kesi nyingine, ya kijana mmoja wa Modogashe, ndiyo iliyotufunga pamoja, yeye na mimi, na ndiyo iliyonichoma kuliko yote.

Lori lililokuwa likitoka Elwak na bidhaa lilivamiwa njiani wakati wa magharibi. Baadaye alikamatwa kijana mchunga mifugo, akatambuliwa na dereva katika gwaride la utambuzi kituoni Garissa, akashtakiwa kwa wizi wa mabavu. Hakuwa na wakili. Akahukumiwa kunyongwa. Mama yake alikuja kwangu na kunishika miguu, na nilimuuliza kama ana hakika hakukosea mlango.

"Edo amekwenda Nairobi, semina," akasema yule mama. "Nimeambiwa wewe pia ni mwanamke."

Nikaichukua rufaa. Nilisoma ushahidi wote, nikapata hoja ndogondogo kuhusu tarehe kwenye hati ya mashtaka na mkalimani aliyebadilishwa katikati ya kesi. Nilijua hazitoshi. Usiku nilimwona yule mama ndotoni, mikono yake kwenye vifundo vya miguu yangu.

Mwalimu aliporudi somo lilikuwa utambuzi wa washtakiwa. Alisema majaji wa rufaa wamekaza uzi: mshukiwa apangwe na watu wanaofanana naye, la sivyo gwaride halina thamani. Akauliza kama kuna mwenye kesi ya namna hiyo. Nilitazama kikombe changu. Sikutaka mkono wake uguse kesi hii. Ilikuwa yangu.

"Mwenzetu anayo," Abdi akasema, akinielekeza kwa kidevu.

Mwalimu akanigeukia. "Kwa gwaride, nani alisimama na huyo kijana?"

"Watu wengine, kama kawaida."

"Watu gani?"

Inspekta alikuwa amelisema mwenyewe mahakamani. Nilikuwa nimelisoma na kulipita. "Askari wa kituo," nikasema.

"Wa kutoka wabi?"

"Wa bara, wengi wao."

"Walifaa nini?"

"Suruali."

"Na kijana?"

"Kikoi. Na ndala."

Wengine walianza kucheka, wakaacha. Mwalimu hakucheka. "Hata mbuzi wangu angemchagua," akasema polepole. Akatoa hukumu aliyokuja nayo kutoka semina, akanikabidhi mbele ya wote. "Soma. Halafu soma tena. Halafu nenda Nairobi umtoe mtoto wa watu."

Nilikwenda. Nilisimama mbele ya majaji wawili, na sitajinyima haki yangu: siku ile nilisema vizuri. Jaji mmoja, mkali wa macho, akaniuliza, "Wakili, polisi wangetoa wapi Wasomali wa kusimama kwenye gwaride?"

"Mheshimiwa Jaji," nikajibu, "soko la mifugo la Garissa halikuwa mbali na kituo. Wangetoa kichwa nje na kuita."

Waliangaliana. Hukumu ilipotolewa, rufaa ilikubaliwa na kijana akaachiliwa. Nilirudi Garissa katika msafara ule wa mabasi nikiwa siogopi hata majambazi. Jibu lile la soko lilikuwa langu. Hakuna semina iliyonipa.

Siku chache baadaye nilimwona mama yake akija barabarani, anamvuta kondoo dume mnene, mweupe wa mwili, mweusi wa kichwa, mkia umejaa mafuta. Nilitoka mlangoni. Niliutengeneza uso wangu. Yule mama aliniangukia kifuani, akalia, akaniombea dua kwa Kisomali na Kiarabu, mimi na watoto wangu na watakaozaliwa na watoto wangu. Kisha akaikaza kamba mkononi na kuanza kuvuka barabara.

"Mama," nikamwita kabla sijajizuia, "huyo kondoo ni wa nani?"

"Wa Edo."

"Kwa nini Edo?"

Akanitazama kama mtoto aliyeuliza kwa nini jua linachomoza. "Si ni yeye alikufundisha?"

Nilirudi ndani nikakaa. Niliweza kumsikia kondoo akilia ng'ambo.

Mwalimu alimchinja yule kondoo na kutualika mawakili wote nyumbani kwake. Tulikula wali na nyama kwenye masinia. Tulipokwisha kunawa mikono, akavaa miwani. "Sasa," akasema, "rufaa." Kumbe alikuwa amejipatia nakala ya hukumu yangu. Akaipitia mstari kwa mstari mbele ya wageni. "Hoja ya kwanza, maashallah. Ya bili, sawa. Ya tatu," akanitazama juu ya miwani, "ya tatu ilikuwa mbofu."

"Majaji waliikubali," nikasema.

"Majaji walikuwa na njaa."

Watu walicheka hadi mmoja akapaliwa na chai. Kisha Mwalimu akageuza ukurasa, akasoma kwa sauti lile jibu langu la soko la mifugo, lote, kwa Kiswahili chake kilichopinda. Akarudia kulisoma. "Hii," akawaambia, "hii mtu hafundishwi." Akaendelea na hoja ya nne.

Nilipaswa kushiba kwa maneno yale. Sikushiba. Nilikaa pale nikiangalia jinsi walivyomwangalia, na nikajua kwamba wateja wake nisingewataka, wala sifa zake mahakamani. Nilichotamani ni ile hali yake ya kuwa mwanafunzi hadharani bila haya. Mimi nilijifunza kwa kujificha, mlango umefungwa, nikitoka nje niwe tayari najua. Yeye aliingia mbele za watu na ujinga wake mkononi, akauweka mezani, akasema tuutazame pamoja. Nilijaribu kufanya hivyo Jumamosi moja. Ulimi wangu haukukubali.

Baada ya mvua zile kubwa za El Niño, barabara ilipopitika tena, mume wangu alihamishwa Mombasa nami nikafunga ofisi. Mwalimu hakuja kuniaga. Alikuwa semina.

Nilimwona tena mwishoni mwa miaka ile ya tisini, katika hoteli moja Nairobi. Wakati huo mawakili walikuwa wameanza kumiminika kwenye semina, maana palikuwa na uvumi kwamba karibu zitakuwa za lazima. Nilikaa safu za mbele, mahali pazuri. Mlango ukafunguliwa nyuma, nikasikia mtu anahema. Amechelewa. Mpwa wake alikuwa amemshika mkono, akimwelekeza kwenye kiti, naye alikuwa akipapasa hewani kabla ya kukaa. Sukari ilikuwa imemla macho. Yale mabega mapana yalikuwa yamepungua ndani ya mtandio.

Ningeweza kubaki nilipokuwa. Niliinuka, nikaenda kukaa kando yake.

"Nani?" akauliza.

"Mimi, Mwalimu. Wa Lamu."

"Mswahili!" Akanishika goti. "Karatasi wamekuba?"

"Ninazo."

"Haya, soma."

Mpwa wake akaenda zake, nami nikasoma. Asubuhi nzima nilimnong'oneza sikioni, ukurasa baada ya ukurasa, naye akiinamisha kichwa na kunikatiza: "Rudi habo. Tena. Bole bole."

Msemaji alikuwa kijana wa Nairobi, mtanashati, mwepesi wa maneno. Alipofika kwenye mirathi akasema kwamba mali ya kila marehemu nchini, awe wa dini yoyote, hugawanywa kwa sheria moja. Kiwiko cha Mwalimu kikaniingia mbavuni.

"Simama, mwambie."

"Mwambie wewe."

"Mimi sioni karatasi. Wewe umesoma. Simama."

Nikasimama mbele ya watu wote wale. Nikaeleza kwamba sheria ilibadilishwa miaka kadhaa iliyopita, kwamba Waislamu walitolewa ndani yake, na marehemu Mwislamu hurithiwa kwa sheria ya dini yake. Nikasema huko nilikofanyia kazi, kosa hilo limewaachia wajane mahangaiko ya miaka. Kijana alipekua karatasi zake, uso ukamshuka. Alikuwa muungwana. Akasema, "Umenisahihisha, wakili, nashukuru. Umelipata wapi somo hili?"

Ningeweza kusema ni kwa kazi yangu mwenyewe, na ingekuwa kweli. Ukumbi mzima ulikuwa umenigeukia, na nilikuwa nimeingoja siku kama ile tangu fundi aliponipigilia kibao.

"Nilifundishwa," nikasema. "Aliyenifundisha ni huyu niliyekaa naye. Alikuwa akitufundisha Garissa wakati hakuna aliyetulazimisha."

Wakapiga makofi. Yeye hakuona kwamba wamemgeukia, akapiga makofi pia.

Wakati wa chai yule kijana alishuka jukwaani akaja moja kwa moja kwake. Wakafuata wengine, vijana wa majoho mapya, wamemzunguka wanamuuliza hili na lile, naye anacheka, anawagombeza, anawaambia wasome. Mimi nilisukumwa polepole hadi nikajikuta karibu na mabirika, kikombe mkononi, sina wa kuzungumza naye. Ule moto wa zamani ukanipanda kifuani, mzima kabisa.

Kengele ikalia. Msichana mmoja aliyemzunguka, mwenye sauti tamu na makaratasi mikononi, akamwambia, "Mama, mimi nitakusomea."

"Yuko wabi Mswahili wangu?" Mwalimu akauliza, akigeuza uso huku na huku.

Niliweka kikombe chini. Nikawapita wote wale, nikamshika mkono kabla mwingine hajamshika.